Maji ya Kwanza Hutoka Machafu

Naandika haya kwa sababu Mama Shiro amekuwa akiyasimulia kwa niaba yangu tangu Agosti, na kila akiyasimulia, homa yangu inapanda digrii moja na yeye anazidi kuwa shujaa. Juzi nimemsikia akimwambia mteja kwamba nilibebwa na wanaume wanane. Walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mume wangu. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe, maadamu mkono umepata nguvu za kushika kalamu. Wewe uliye na mgonjwa wodini leo, au unayesoma haya ukiwa umelala na mpira wa dripu mkononi, angalau utapata kisa chenye wanaume wawili tu.

Mimi naitwa Nekesa, ingawa sokoni wote wananiita Mama Daisy. Ni fundi wa nguo katika soko la Jericho jijini Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na sita pale. Kibanda chetu tunakitumia wanne, kila mmoja na cherehani yake, na Mama Shiro ndiye jirani yangu wa mkono wa kulia. Ameniona nikilea, nikizika, nikinenepa na nikikonda. Hakuna anayenijua kumshinda, na ndiyo maana simwamini hata kidogo anaposimulia.

Nianze na makosa, maana yalikuwa yangu.

Fundi wa soko hanywi maji. Ndivyo tulivyofunzwa na waliotutangulia. Choo cha soko kiko upande ule mwingine, kina foleni, na ukienda unaacha nyuma cherehani, mkasi na vitambaa vya watu. Kwa hiyo asubuhi unakunywa kikombe kimoja cha chai nyumbani, na kuanzia hapo koo linakauka mpaka jioni. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Niliweza kukaa kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni bila kuinuka, na kila msichana aliyekuja kujifunza kushona kwangu nilimfundisha uvumilivu huo kabla sijamfundisha kukata kola.

Kosa la pili lilikuwa kopo. Mama Shiro ana kopo kubwa la bati ambalo zamani lilikuwa la biskuti, nalo limejaa vifungo vya kila aina. Juu ya vifungo, ndani ya karatasi ya nailoni, tulikuwa tunaweka dawa. Sheria ya kibanda ilikuwa hivi: ukiugua unanunua dawa, ukipata nafuu siku ya pili au ya tatu unaacha kumeza, na zilizobaki unazitia koponi ili mwenzako akiugua asihangaike. Kumeza zote mpaka ziishe, wewe peke yako, kulionekana uchoyo. Nakumbuka tulimsema fundi mmoja wiki nzima kwa sababu alimaliza dawa zake zote ilhali alishapona.

Basi mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, nilianza kuchomwa nikienda haja ndogo. Sikusumbuka. Nilifungua kopo.

"Meza ile nyekundu na nyeusi," Mama Shiro akaniambia bila kuinua macho kwenye pindo lake. "Ile ya manjano ni ya kifua."

Nilimeza nne kwa siku mbili, nikapata nafuu, na ile ya tano iliyokuwa imebaki nikairudisha, maana mimi si mchoyo. Baada ya wiki mbili maumivu yalirudi, safari hii mgongoni, chini ya mbavu upande wa kulia. Nikajiambia ni kuinama. Nilikuwa na kazi ya sare za kwaya ya akina mama wa kanisa letu, magauni ishirini na manne ya zambarau yenye kola nyeupe, na wageni wao walikuwa wanakuja Jumapili. Nikafunga leso kiunoni nikaendelea kushona.

Jumatano asubuhi nilianza kutetemeka. Kufikia saa nne nilikuwa nimevaa sweta mbili na koti la mteja. Kumbukumbu zangu mwenyewe zinaishia kwenye lile koti. Yanayofuata nimeyapata kwa Mama Shiro, na nimeyapunguza.

Anasema aligeuka akaniona nashona mkono wa gauni mahali pasipo pake.

"Mama Daisy, huo mkono unauweka wapi?"

"Kwa shingo," nikamjibu, bila wasiwasi wowote.

"Na kichwa kitapitia wapi?"

Inasemekana nilifikiri sana, kisha nikamwambia kwamba huyo mama wa kwaya hana kichwa.

Mafundi wote walicheka. Mama Shiro naye alicheka, na hilo limemuuma mpaka leo. Kisha akanigusa, akakuta uso unawaka moto na mikono ni baridi ya barafu, na nilipoulizwa leo ni siku gani nikataja jina la kijiji chetu. Hapo kicheko kikaisha. Mume wangu alikuwa ametoka shifti ya usiku, amelala nyumbani hapo hapo Jericho. Akaitwa, akaja na ndara mguu mmoja na kiatu mguu wa pili, akanishika miguu, mwenye kuuza kabeji akanishika mabega, wakanilaza nyuma ya pikapu ya kabeji. Kama kuna neno moja utakalolibeba kutoka hapa, libebe hili: mtu mwenye homa akianza kusema yasiyoeleweka, mcheke mara moja tu, kisha mpeleke hospitali.

Hospitali yetu ina benchi refu. Wagonjwa mnaketi kwa mstari, na kila mmoja akiingia kwa daktari, benchi zima linasogea pamoja, makalio yakiteleza. Nimeketi hapo mara nyingi maishani, na nakuhakikishia hakuna mahali Nairobi penye haki kali kama benchi lile. Ukiruka foleni utasemwa mpaka kaburini. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mama mmoja kutoka Mathare, aliyekuwa amefika alfajiri na mguu umevimba kama mgomba, aliniangalia mara moja tu akainuka.

"Huyu apite," akasema. "Mimi huu mguu hauendi mahali."

Basi benchi zima likateleza kurudi nyuma. Watu wagonjwa, wenye watoto wanaolia, walirudi nyuma bila neno. Sikulipata jina la yule mama. Kila jioni namwombea, na kwa kuwa simjui jina, namwambia Mungu ni yule mama wa mguu, naye Mungu hajauliza zaidi.

Pale mbele kulikuwa na muuguzi anayeitwa Sista Moraa, mwanamke mpana, mtulivu, mwenye kalamu tatu nyweleni. Alinipima presha. Akapima tena. Akaenda kuleta mashine nyingine akapima mara ya tatu, kisha akaanza kutembea haraka. Sista akiacha kutembea polepole, jua mambo yameharibika. Daktari akaja, akanibonyeza mgongo nikapiga kelele, akasema ugonjwa umetoka kwenye mkojo ukaingia figo, na sasa uko kwenye damu. Wakatoboa mikono yote miwili, maji huku na maji huku, na ndani ya maji wakaweka sindano ya dawa kali. Baba Daisy anasema alishukuru Mungu, akaketi chini, akagundua viatu vyake havifanani.

Saa moja baadaye nikaanza kufa. Samahani, sina neno laini zaidi. Kitanda kilitikisika mpaka kikasogea kutoka ukutani. Meno yaligongana, homa ikaruka juu, presha ikashuka chini kuliko nilivyokuja nayo. Na ni katika dakika hizo dada yangu Rasoa aliingia.

Lazima nikuelezee kuhusu Rasoa. Ndiye kifungua mimba kwetu, anaishi Mukuru kwa Njenga, anapikia wafanyakazi wa viwandani chapati na maharagwe. Ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka saba. Alikuwa na homa, akapelekwa zahanati, akadungwa sindano, na muda mfupi baadaye akaanza kutetemeka vibaya. Baba alikuwa mbali kikazi. Rasoa alikuwa na miaka kumi na tisa. Akaona mama anauawa mbele ya macho yake, akamchukua akamrudisha nyumbani kwa mkokoteni, na mama hakufika siku ya pili. Tangu hapo, nyumbani kwetu, sindano ndiyo iliyomuua mama. Halikuwa jambo la kujadiliwa.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya kitanda changu, na kitanda kinatikisika.

"Alikuja hapa akiongea," akamwambia Sista Moraa. "Mmemdunga, saa hii hata jina lake halijui. Toeni hiyo kitu."

"Mama, hatuwezi kuitoa."

"Mimi ndiye nimemlea. Kama kuna karatasi ya kutia sahihi, leta. Tunaenda nyumbani."

Karatasi ilikuwepo, ya wanaoondoka kwa hiari yao. Lakini aliyepaswa kutia sahihi ni mume wangu, na wote wawili wakamgeukia. Sista Moraa hakupandisha sauti. Alibadilisha chupa ya maji iliyokuwa imeisha, akaning'iniza nyingine, na huku mikono yake ikifanya kazi akamuuliza dada yangu anaishi wapi.

"Mukuru."

"Mtu akipiga nduru ya mwizi kwenu, nini hufanyika?"

"Plot yote inatoka, wapangaji wote," Rasoa akasema.

"Na mawe."

"Na mawe."

"Na madirisha ya nani huvunjika?"

"Yetu."

"Basi sikiliza. Hawa wadudu wako kwa damu yake wana makoti. Wakiwa hai wamejifunga makoti yao. Dawa ikiwapiga wanapasuka, na makoti yanatapakaa kila mahali. Mwili ukiona koti haujui mwenyewe ameshakufa. Unapiga nduru, plot yote inatoka, na madirisha yanavunjika ni yake. Hiyo ndiyo unaona hapa. Sisi tunaweka maji na tunashikilia presha mpaka watu warudi kwa nyumba. Lakini tukitoa dawa saa hii, wale wezi wamebaki hai wataendelea na kazi yao."

Daktari aliyekuwa nyuma yake aliongeza, na namheshimu kwa hilo, kwamba hawezi kuapa ni makoti. Labda ugonjwa wenyewe ulikuwa bado unapanda. Alichokijua kwa hakika ni kwamba dawa ikitoka, sitapona.

Mume wangu si mtu wa maneno. Kazi yake ni kuosha matangi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na nadhani saa nyingi ndani ya tangi zimemzoesha kunyamaza. Alisimama katikati ya wanawake wawili na ile karatasi mkononi. Mama Shiro anaapa kwamba aliikunja na kuikunjua mara ishirini.

"Shemeji," akasema mwishowe. "Sisi tukimwaga dawa ndani ya tangi lililokaa sana, maji ya kwanza hutoka machafu kuliko yale yalikuwa ndani. Hutoka meusi. Mtu mgeni kwa kazi akiyaona anadhani tumeharibu tangi ya watu. Lakini hatufungi. Tunangoja maji ya pili."

"Dada yangu si tangi."

"Najua si tangi. Ni bibi yangu." Akamrudishia sista karatasi. "Nangoja maji ya pili."

Rasoa alitoka akaketi kwenye sakafu ya ukumbi, akajifunika kichwa kwa leso, na hakumsemesha mume wangu kwa miezi kadhaa. Mimi katika yote hayo nakumbuka maneno matatu tu, "maji ya pili", nikadhani wanazungumza juu ya nguo zinazosuuzwa. Nikaona aibu kwamba nimeacha watu wengine wanifulie.

Maji ya pili yalichelewa. Niliwekwa mahali pa wagonjwa mahututi, nikapewa dawa ya kuinua presha, na kwa siku mbili Baba Daisy hakuwa na uhakika kama alichokifanya ni ushujaa au ni kunizika. Ameniambia hivyo yeye mwenyewe. Anasema kila mashine ilipolia alilisikia jina la mama yetu. Namwonea huruma mpaka leo, maana mimi nilikuwa nimelala tu, kazi yote ya kuogopa aliifanya yeye.

Asubuhi ya tatu nilifungua macho nikamwambia viatu vyake havifanani. Alikuwa hajaenda nyumbani tangu Jumatano. Aliegemeza kichwa chake kwenye nguzo ya dripu akalia, na Sista Moraa akamwambia aende akalie kwa dirisha kwa sababu anatikisa mpira.

Baada ya hapo nilihesabu siku kwa sindano, asubuhi na jioni, na wauguzi walihesabu mkojo wangu. Usicheke. Figo zangu zilikuwa zimegoma, na kila walichokipata kwenye mfuko wa mkojo kiliandikwa kwenye chati. Mume wangu, ambaye hajawahi kupiga simu zaidi ya dakika moja, aliwapigia ndugu wote kutoka Jericho hadi Bungoma. "Leo ameweka nusu lita," akisema, na sauti imejaa fahari. Siku nilipofikisha lita moja na robo, kikundi cha maombi kilitoa shukrani kanisani, mbele ya watu wote, wakitaja kipimo. Sijui nitawaangaliaje wageni waliokuwepo.

Jumapili iliyofuata wale akina mama wa kwaya walikuja wodini wakiwa wamevaa zambarau. Mama Shiro na wenzake walikuwa wamemaliza magauni yote bila mimi. Waliimba kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue wengine, na wagonjwa watatu wakaitikia kutoka vitandani mwao. Nililia. Pia niliona pindo la wa tatu kutoka kushoto limepinda, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitapona.

Mama Shiro alikuja na kopo. Daktari alikuwa ameuliza nilimeza dawa gani, naye, kwa kuwa hakujua jina hata la moja, alileta zote. Akazimwaga kwenye trei ya chakula: nyekundu kwa nyeusi, manjano, kijani kwa nyeupe, nyingine zimepauka hazina rangi tena. Daktari alizigeuza kwa kidole. Akaokota kimoja cha kahawia.

"Na hii ni ya ugonjwa gani?"

"Hiyo ni ya suti," Mama Shiro akasema.

Kilikuwa kifungo. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaketi ukingoni mwa kitanda akatuambia polepole, bila ukali, kwamba kumeza mbili tatu na kuacha ni kuwaonjesha wadudu dawa wakaizoea. Mama Shiro alitazama mikono yake. "Mimi ndiye nilikwambia nyekundu na nyeusi," akaniambia. Nilimwambia kwamba mdomo uliomeza ulikuwa wangu. Hatujalizungumza tena, ila kopo lilirudi sokoni na vifungo vitupu.

Nilitoka hospitali mwisho wa Agosti nikidhani nimepona. Hakuna aliyeniambia kwamba kutoka hospitali na kupona ni mambo mawili, kwa hiyo nakwambia wewe. Miguu ilikuwa imevimba kwa yale maji, nikavaa ndara za mume wangu wiki mbili. Ngozi ya viganja ilibambuka ikatoka kama ya viazi vilivyochemshwa. Kucha zote zikapata mstari, na mstari huo ulisogea juu wiki baada ya wiki, nikawa naujua kama kalenda. Mwezi wa tisa nywele zikaanza kutoka kwa mafungu. Binti yangu Daisy, ambaye yuko chuo, alinishika kichwa akakichunguza pande zote.

"Mathe, usistress," akasema. "Hiyo kichwa iko na shape fiti. Ulikuwa unatuficha."

Lakini pia nilisahau jinsi ya kutunga uzi kwenye cherehani niliyoitumia miaka kumi na sita. Nilikaa mbele yake nikiutazama ule uzi, nikaogopa sana. Nililia bila sababu nikikata vitunguu, na nikilia bila vitunguu. Upepo ukinipiga kidogo nilikimbilia kipimajoto. Hayo nayo hupita. Yalichukua miezi, lakini yalipita.

Nilikuwa nimepewa vidonge vya wiki mbili vya kumalizia nyumbani. Siku ya tano nilijisikia mzima kabisa, na nakuapia, mkono wangu wenyewe ulienda kutenga vile vilivyobaki kwa ajili ya kopo. Daisy alinikuta navifunga kwenye karatasi. Alileta glasi ya maji akasimama hapo mpaka nikameza, na akasimama hapo kila siku mpaka vikaisha.

Rasoa alikuja kila wiki. Alileta chapati, akaniosha, akanipaka mafuta kwenye miguu. Ila mume wangu akiingia, yeye anatoka. Chapati zilihesabiwa za kwangu na za Daisy. Akimtaja alimwita "huyo mwenye matangi". Baba Daisy hakulalamika. "Shemeji ana haki," aliniambia. "Ingekuwa vingine, angekuwa ndiye aliyesema kweli." Nilijaribu kuwapatanisha mara mbili, nikashindwa mara mbili.

Mvua za Novemba zilinikuta nimerudi sokoni, nusu siku tu. Kibanda chetu kina sheria mpya. Kila meza ina chupa ya maji, na ukitaka kwenda choo jirani yako anakulindia cherehani, na hakuna anayekusema. Mama Shiro ametangaza kwamba sheria hiyo ni yake. Nimemwachia.

Mchana mmoja mvua inanyesha, Rasoa akaja na kikapu, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Hakuwa na nguo ya kushonwa. Alitazama nikishona kola kwa muda mrefu.

"Nekesa," akasema. "Mama alitetemeka vile vile."

"Najua, dada."

"Vile vile kabisa. Kitanda kikisogea." Alikuwa anazungusha kipande cha kitambaa cha zambarau alichookota sakafuni. "Ni mimi nilimtoa. Sista alinikataza, nikamtoa."

Miaka thelathini na tano nilikuwa sijasikia hilo. Nilikuwa nimesikia sindano, zahanati, mkokoteni. Sikuwahi kusikia kwamba kulikuwa na sista, na kwamba alikataza. Nilitaka kumwambia kuwa haingebadilisha chochote, kwamba mama angekufa tu. Lakini sijui hilo, na yeye ananijua nikidanganya tangu nikiwa na miaka saba.

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa," nikamwambia. "Huyo sista alikueleza ni kwa nini ungoje?"

"Alisema tu nitoke njiani."

"Basi. Mimi nilikuwa na mtu wa kueleza na mtu wa kungoja. Wewe ulikuwa peke yako, na ulimtoa kwa sababu ulimpenda."

Alilia. Nikalia naye, mkono wangu juu ya goti lake, na nilimpenda dada yangu wakati ule kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mama Shiro, ambaye hajawahi kukosa neno la kuongeza, alikanyaga pedeli ya cherehani yake kwa nguvu zote, bila kitambaa, ili wapita njia wasisikie ila kelele za kushona. Hiki kisa chote akikisimulia, sehemu hiyo huiruka.

Rasoa alijipangusa uso kwa kile kitambaa cha kwaya. Kisha akatoa chapati kwenye kikapu, zimefungwa mafungu matatu. Akalisukuma fungu kubwa kuliko yote upande wangu.

"Hizo ni za shemeji. Mwambie azile zikiwa moto." Macho yake yakaenda kwenye chupa yangu. "Umemaliza maji?"

"Nimemaliza."

"Na choo umeenda?"

"Nangoja nimalize hii kola."

Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mtoto nikikataa kuoga. Halafu akainuka, akavuta kigoda mpaka kwenye cherehani yangu, akaketi, akaweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa kisipeperuke.

"Nenda," akasema. "Nakulindia. Na usikimbie, mimi niko hapa."

Nikaenda polepole, mvuani, nikapanga foleni.